Matawi Mabichi Njia ya Rongo

Nikiona dereva anaingiza pua ya gari mbele ya wenzake, namwangalia uso. Gari silishughulikii, gari ni bati tu. Nataka kujua huyu ni mtu wa namna gani, na kila mara nakuta ni uso wa kawaida, uso wa mtu ambaye asubuhi amekunywa chai na watoto wake. Hapo ndipo moyo wangu unavunjika. Angekuwa na pembe ningeelewa.

Shule niliiacha mapema, kwa hivyo nitaeleza kama ninavyojua kueleza.

Dada yangu mkubwa aliolewa upande wa Asumbi, mimi nikaolewa huku Migori, kwenye vilima vya miwa nyuma ya barabara kuu. Tulipokuwa wasichana, kisima cha kwetu kilitoa maji polepole kama mchoyo anayetoa salamu. Wakati wa kiangazi kina mama walipanga mitungi kwa laini alfajiri, halafu wakaenda zao shambani. Mtungi ulisimama badala ya mtu. Ukirudi unaukuta umesogezwa mbele na watu ambao hata hukuwaomba, kwa sababu zamu imesonga na hakuna wa kuruka mtungi wa mwenzake. Siku moja mke wa mtu mkubwa alikuja akaweka mtungi wake mbele ya yote. Kina mama wakatazama chini. Dada yangu, msichana tu, akauinua ule mtungi, akaubeba kama anabeba mtoto aliyelala, akaenda kuuweka mwisho wa laini. Hakutukana. Alisema tu, "Mama, maji hayakimbii."

Neno hilo likawa la nyumba yetu. Nimelea watoto wangu kwa neno hilo, na nikamlea nalo mjukuu wangu wa kike, ambaye mama yake aliniachia akiwa bado ananyonya. Leo ni nesi. Katika boma letu yeye ndiye wa kwanza kushika usukani, wanaume wakiwa wapo wanaangalia. Akiendesha anaweka indiketa hata kama nyuma hakuna mtu, ni mbuzi tu. Majirani wanacheka. Mimi nakaa kiti cha mbele na kifua changu kimejaa kama cha jogoo.

Dada alipokufa nilikuwa nimelazwa kwa sababu ya presha. Matanga yote yalinipita nikiwa kitandani. Sikuwa nimemwona tangu Krismasi. Niliachiliwa Ijumaa jioni, na maziko yalikuwa kesho yake. Sikutaka chakula cha matanga wala hotuba. Nilitaka jambo moja, nimwone uso kabla sanduku halijafungwa. Mjukuu wangu akasema, "Dani, tutaondoka mapema, utamwona." Dani ndiyo bibi kwa lugha yetu, na akiniita hivyo naamini kila anachosema.

Tuliondoka mapema kweli. Shida ilianza pale barabara yetu ya vumbi inapokutana na lami. Magari yalikuwa yanapita yamefuatana kama siafu. Mjukuu wangu akasimama mdomoni mwa barabara, indiketa inalia tik tik, akingoja mtu mmoja mwenye moyo apunguze mwendo. Walikuwa wanatuona. Mtu akikuona huku hataki kukupisha, anakaza macho mbele kama anasoma Biblia. Trela zilipita, magari ya abiria yalipita, pikipiki zikapita na viti vya plastiki vya kukodisha. Tulipata kuingia kwa sababu ng'ombe walivuka. Ng'ombe ndio walitusaidia. Nilimwambia mjukuu wangu awashukuru kwa honi, akapiga.

Kabla ya kufika Rongo tukakuta mkia wa jam. Trekta ilikuwa imemwaga miwa upande wetu wa barabara, ikabaki nafasi ya gari moja. Si jambo gumu. Hata sisi wa darasa la tatu tungelipanga: wa huku apite, wa kule apite, mmoja mmoja. Lakini siku hizi kuna kitu wanaita kuovalap. Unaacha laini ya wenzako, unapitia kandokando kwenye nyasi na vumbi, ukifika mbele unasukuma pua ndani. Mjukuu wangu alimpa mmoja nafasi, kwa heshima. Nyuma yake wakaingia wengine watatu wameshikana kama treni. Akampa mwingine, wakaingia tena. Kumbe nafasi unayoacha kwa adabu, wao wanaiona ni shimo la kuziba. Na wa upande wa pili nao wakafanya vilevile, mpaka pale kwenye miwa magari yakakutana uso kwa uso, hakuna wa kurudi nyuma, kila mmoja anapiga honi kumlilia mwenzake.

Simu ikalia. Alikuwa kitinda mimba wa dada yangu.

"Mama mdogo, mmefika wapi?"

"Karibu na Rongo. Gari hazisongi."

"Padri amefika. Ana maziko mengine baada ya haya."

"Mwambie mimi niko njiani."

"Nimemwambia. Amesema ataimba nyimbo zote, mpaka zile ndefu."

Nilimgeukia mjukuu wangu, nikamwita mjukuu kwa lugha yetu. "Nyakwara, na wewe pita kandokando kama hao."

"Dani, nikipita huko nitakuja kuingia mbele ya nani? Mbele ya huyu mama mwenye mtoto hapa?" Akanionyesha gari lililo mbele yetu. Halafu akatabasamu kidogo, akaniambia neno langu mwenyewe. "Maji hayakimbii."

"Hii si maji," nikasema. "Kule wanafukia."

Mikono yake ilikuwa imekaza usukani, lakini haikuupindua.

Ndipo nikakumbuka matawi. Kwetu, gari likibeba msiba linafungwa matawi mabichi mbele, na zamani ukiyaona matawi unakaa kando. Hata mlevi alikaa kando. Hata mtu uliyegombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba alivua kofia mpaka upite. Nikashuka na miguu yangu iliyovimba, nikavunja matawi kwenye ua wa mtu, nikachomeka kwenye vile vijiti vinavyofuta mvua, na mengine nikayafunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Nikabaki kichwa wazi barabarani, nywele zangu nyeupe zinaonekana na kila mtu. Sikujali.

Makanga mmoja aliyekuwa ananing'inia mlangoni mwa gari la abiria aliniangalia mpaka nilipomaliza.

"Shosho, maiti iko wapi? Sioni sanduku."

"Iko huko tunakoenda."

"Sasa unabeba matawi ya maiti ambayo huna?" Wenzake wakacheka. "Ona mbele, shosho. Leo kila mtu ni mfiwa."

Nikaangalia, na kweli. Lori lililobeba vijana wa fahali wa kupigana lilikuwa na matawi. Gari lililojaa mashabiki wa mpira lilikuwa na matawi. Gari la mikate lilikuwa na matawi, na mikate haijawahi kufa. Na katikati yao, bila shaka, walikuwemo wafiwa wa kweli, maana Jumamosi kwetu ni siku ya kuzika, nao walikuwa wamekaa kama mimi, wamenyamaza, hakuna wa kuwatambua. Watu walikuwa wameyatumia matawi kwa uongo mpaka yakachoka. Nilirudi kwenye kiti nikaona nimevua kitambaa bure.

Simu tena. "Mama mdogo, wanafungua sanduku watu wapite. Nitajiweka mwisho, nipite polepole."

"Pita polepole sana, mwanangu."

Wakati huo mbele kulisonga kidogo. Yule mama mwenye mtoto alikuwa ameshapita, zamu ilikuwa yetu kabisa, kila mtu aliiona. Mjukuu wangu akatia gia. Gari moja jeupe likaruka kutoka kwenye nyasi, likakata mbele yetu hivi, tukafunga breki mpaka kifua changu kikagonga mkanda. Lilikwama hapohapo, nusu limeingia, nusu liko nje, dirisha lake sambamba na langu. Nikamwona uso. Mwanaume wa makamo, shingo nene, suti, amenyoa vizuri. Kiti cha nyuma alikuwa ameweka shada la maua ya plastiki lenye utepe wa zambarau. Nikasema, afadhali, na yeye ana mfu wake, atanielewa.

"Mwanangu," nikamwambia, "rudi kidogo tupite. Tuna maiti inatungoja."

"Mathe, kila mtu hapa ana haraka yake."

"Haraka yangu iko ndani ya sanduku."

"Basi haitaenda popote," akasema, akafunga kioo.

Akapita. Wa nyuma yake wakamfuata wakiwa wameshikana, halafu wa upande wa pili wakaona nao wanaonewa, wakasukuma, pakafungika tena kama mlango. Mjukuu wangu alianza kulia bila sauti. Anaendesha vizuri kuliko wote waliokuwa pale, nami nilikuwa najua hivyo, na haikutusaidia kitu. Kama angekuwa mshenzi tungefika. Nililifikiria hilo waziwazi, na bado nalifikiria ninapopepeta mahindi, na sijapata mtu wa kunipinga.

Simu ya tatu hakuongea. Aliishika tu hewani ili nisikie. Nilisikia wimbo, nikasikia mtu anakohoa, nikasikia nyundo. Halafu koleo na udongo, ule mzito wa kwanza unaoanguka juu ya mbao. Nilikaa na simu sikioni, mbele yangu yuko kijana anauza karanga kati ya magari, honi zinalia kila upande, na dada yangu anafukiwa ndani ya sikio langu.

Tulipofika kule Asumbi watu walikuwa wanakula. Kaburi lilikuwa limeshakuwa kichuguu. Kitinda mimba wa dada akaja, akanishika mkono, akanipeleka kaburini. Hakuna kitu alichobakiza kufanya, maskini, alikuwa amepita pale kwenye sanduku polepole mpaka watu wakamsukuma. Niliinama nikagusa udongo. Ulikuwa bado na joto la jua. Na juu yake, juu ya mashada mengine yote, palikuwa na maua ya plastiki yenye utepe wa zambarau.

Sikuhitaji kumtafuta. Alikuja mwenyewe, suti ile, shingo ile. Ni mtoto wa shemeji yake dada, anafanya kazi mbali, mimi nilimwona mara ya mwisho akiwa na kaptula. Aliambiwa huyu ndiye mdogo wa marehemu, akaja na mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Pole sana, mama. Alikuwa mama yangu pia. Nimebahatika nimefika kabla hawajafunga. Barabara ilikuwa mbaya, we acha tu."

"Alikuwaje?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Uso wake. Ulimwona. Alikuwaje?"

Akafikiria. "Alikuwa ametulia. Walimvalisha kile kitambaa cheupe. Alikuwa kama anataka kucheka."

Nikaipokea picha hiyo. Sina nyingine. Mpaka leo nikitaka kumwona dada yangu mara ya mwisho, lazima nimwone kwa macho ya yule mtu. Halafu nikamwambia, "Ulisema haitaenda popote. Imeenda."

Aliniangalia. Aliangalia kichwa changu kisicho na kitambaa, akaangalia gari letu pale getini na matawi yake. Mikono yake ilibaki imeshika yangu lakini ilikuwa imepoa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "sikujua ni wewe."

Namwamini. Angejua angeshuka, angesimamisha magari kwa mikono yake, angenibeba. Si mtu mbaya. Alimlipia mmoja wa watoto wa dada karo, nimeambiwa. Na ndiyo maana nimekata tamaa na hii barabara, maana wote waliomo ndani yake wangesema hivyohivyo, na hakuna siku watu wote watajuana. Kisimani pia hatukujuana wote. Mtungi haukuwa na jina.

Tuliondoka jua likiwa bado lipo. Mjukuu wangu aliniuliza kama ayatoe matawi, nikamwambia aache, sina nguvu ya kuyaangalia yakitupwa. Yalikuwa yameshanyauka, yanapigapiga kioo. Barabara ilikuwa tupu, miwa imeondolewa, tungeweza kulala katikati yake.

Baada ya Rongo tulimkuta mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Alipoyaona matawi alitoka kwenye lami mpaka kwenye nyasi, akaiegemeza baiskeli kiunoni, akavua kofia, akasimama ameinamisha kichwa mpaka tukapita. Tulikuwa hatuna haraka tena, na hatukuwa tumebeba mtu. Mjukuu wangu alipunguza mwendo sana. Nilitaka kumwita yule mzee nimwambie amechelewa, avae kofia yake, jua ni kali. Nikashindwa. Niligeuka nikamwangalia kupitia kioo cha nyuma, bado amesimama.