Dakika Ishirini na Mbili Kutoka Ludewa

Simu yangu ilisema kwamba kutoka kiwanja cha nyasi cha misheni, kule Ludewa, hadi kiwanja cha ndege cha Njombe ni dakika ishirini na mbili angani. Kwa gari, na mvua zile, ni siku nzima, ukijaliwa. Sasa hapo mwenye akili anachagua nini? Mdogo wangu wa kike alikuwa amejifungua kule misheni. Mtoto salama, lakini mama yake damu ilikuwa haikati. Shemeji alitaka kumpakia kwenye pikapu alfajiri, amlete hospitali kubwa ya Njombe. Nikamfokea kwenye simu: "Acha ushamba! Daktari ameshaita ndege, isubirini." Mimi ndiye kaka mkubwa, akanisikiliza.

Nilitoka Makambako jua linawaka. Njombe nikakuta ukungu umelala hadi chini; ng'ombe waliokuwa malishoni hapo kiwanjani tuliwasikia tu wakikata nyasi. Mama alikuwa ameshafika, amejitanda blanketi, fimbo mkononi, akiwaswaga wampishe mwanawe atue.

Saa tatu shemeji akapiga. "Tumefika naye kiwanjani, kaka. Tunampakia." Nikaanza kuhesabu dakika. Mama akanikumbusha jambo ambalo nyumbani kwetu hata mtoto analijua: aliye safarini kwenye ukungu haitwi kwa jina, maana ataifuata sauti na kuiacha njia. Nikacheka.

"Mama nawe! Huyu yuko kwenye ndege, hatembei kwa miguu."

"Ukungu ni ukungu, mwanangu," alisema.

Dakika ya ishirini na mbili tukasikia mngurumo. Haki ya Mungu, tuliusikia wote wawili. Ulitokea upande wa Ludewa, ukaja hadi juu ya vichwa vyetu, na ng'ombe wakaacha kula. Furaha ikanipanda, nikajisahau. Nikamwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mama akanirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja.

Mngurumo ukakatika. Haukufifia kama ndege inayokwenda mbali, ulikatika. Tukasubiri kishindo, hakikuja. Nisidanganye, niliogopa.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji.

"Mbona hamtui?" nikamuuliza. "Mmepita hapa juu sasa hivi."

"Nani kapita, kaka? Ndege iko hapa mbele yangu. Rubani kaambiwa Njombe kumefunga ukungu, hajaruka."

"Na mgonjwa?"

Mama alikuwa ameweka sikio karibu na simu, blanketi limemdondoka na hajali.

"Ametutoka, kaka. Sasa hivi. Alikuwa hasemi tangu alfajiri. Mara akafumbua macho, akageuza uso upande wa huko mliko, akaitika: 'Abee, kaka.'"