Kioo cha Kushoto

Pikapu ya baba mkwe ilikuwa na vioo vitatu vya kutazamia nyuma. Siku nilipoanza kuipanda kwenda sokoni, viwili alivistaafisha. Cha ndani alikigeuza kikatazama paa. Cha nje upande wa kushoto alikikunja kikalala kwenye mlango. Cha kulia alikiacha kwa sababu bila hicho angeshindwa kuendesha, kwa hiyo mimi nilikaa pembe ya kushoto ya bodi, juu ya magunia, ambako hakuweza kuniona.

Hatukuwa na ugomvi. Kwa wazee wa kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Nyumba nyingi za Rungwe zimeshaacha. Nyumba niliyoolewa haijaacha.

Tulikuwa tunalima viazi Isongole na kuviteremsha Tukuyu. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mume wangu alikuwa machimboni Chunya. Ndani ya gari walikaa baba mkwe na binti yangu wa miaka minne, maana mvua ya bodini ilimletea kikohozi. Mimi nilikaa nyuma chini ya turubai, mgongo wangu kwenye kioo cha kabini nisione kisogo cha mzee.

Masika ile breki zilianza kuchoka. Nyumbani zilikuwa nzima. Tukifika katikati ya mteremko nilisikia mguu wake ukipiga pedali mara mbili, mara tatu, halafu gia inarudishwa na injini ya dizeli inalia kama imebanwa kooni. Akipata mahali tambarare alisimama tukasubiri. Baada ya nusu saa breki zilirudi, na tulipofika kwa fundi, mtaa wa Bagamoyo palepale Tukuyu, hazikuwa na kosa lolote.

Fundi alizijaribu uwanjani kwake, mbele na nyuma.

"Mzee wangu, hizi zikishika zaidi ya hapa utatokea kioo cha mbele."

"Mteremkoni pedali inazama," alisema baba mkwe.

"Basi imeingia upepo."

Akatoa upepo, akabadilisha pedi za mbele. Safari iliyofuata pedali ikazama vilevile, tukarudi kwake.

"Labda ni mguu wako, mzee. Umekuwa mzito."

Mimi nilikuwa nyuma ya gari, kitenge kichwani, siruhusiwi kutoa sauti mbele ya mzee, nikijua jambo ambalo wote wawili hawakulijua. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa chini yangu. Kila tulipoteremka nilisikia harufu ya kuungua ikipanda kutoka pale, na gunia la upande ule lilipata joto. Tuliposimama, matone ya mvua yalitiririka kwenye ringi ya kulia. Kwenye ringi ya kushoto yalikauka kabla hayajafika chini. Mzee hakuweza kuona kama gurudumu hilo linatoa moshi, kwa sababu kioo ambacho kingemwonyesha alikuwa amekikunja kwa ajili yangu.

Nilimpigia mume wangu simu.

"Mwambie baba gurudumu la nyuma linaungua."

"Mzee anaendesha tangu sijazaliwa. Na wewe lini umekuwa fundi?" Alikuwa anacheka. "Kama unaogopa, panda bodaboda."

Bodaboda haibebi magunia nane. Na mtoto angebaki mle ndani.

Safari iliyofuata, mzee aliposimama katikati ya mteremko, nilimwita binti yangu dirishani nikamnong'oneza. Akageuka ndani.

"Babu, mama anasema gari linapika."

"Mke wangu," alimjibu, ndivyo anavyomwita mjukuu wake kwa utani, "mwambie mama yako gari halina jiko."

Nilichana boksi. Nilikuwa na kalamu nene ya kuandikia magunia. Naandika polepole tangu shuleni. Mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi nikiwa bado mstari wa pili. Niliandika GURUDUMU LA NYUMA, na kabla sijafika neno KUSHOTO mzee akawasha gari tukaondoka.

Harufu ilikuja mapema siku hiyo. Halafu moshi mwembamba. Nikagonga paa la kabini kwa kiganja, kama wanavyogonga wapakizi wakitaka gari lisimame. Nilisikia pedali ikipigwa, ikapigwa tena, na gari halikupungua mwendo. Bodini nilikuwa nimezungukwa na magunia, sina pa kushika wala pa kurukia, na sauti ya mwanangu ilikuwa upande wa pili wa kioo ambacho sikutakiwa kukitazama. Nikageuka, nikatazama. Mzee alikuwa amemkumbatia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukizungusha usukani. Aliyaingiza matairi ya kushoto mtaroni, ubavu wa gari ukakwaruza udongo, tukasimama.

Mtoto alilia, lakini alikuwa mzima. Baba mkwe alishuka, akasimama akitazama migomba, akinipa mgongo ili nami niweze kushuka.

Nilichukua chupa ya maji ya mtoto. Nikamwaga kidogo kwenye ringi ya nyuma kulia. Kimya. Nikazunguka hadi kushoto, nikamwaga. Chwaaa.

Hakugeuka. "Mke wangu, mwambie mama yako arudie."

Nikarudia. Kulia kimya, kushoto chwaaa.

Fundi alifika kwa bodaboda na jeki. Walipolinyanyua gari, lile gurudumu halikuzunguka hata kwa mikono miwili. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeota kutu. Uwanja wetu una mteremko, na kila alipoegesha mzee aliivuta ile breki. Alipoiachia, upande wa kulia uliachia na wa kushoto ukabaki umeng'ang'ania. Gurudumu lilisuguana njia nzima, joto likachemsha oili ya breki, pedali ikazama. Likipoa, kila kitu kinakuwa sawa.

"Nani amegundua?" aliuliza fundi.

"Gari lenyewe," alisema baba mkwe.

"Mama," alisema mtoto.

Mzee alikohoa. "Ndaga," alisema, asante kwa Kinyakyusa, akiielekeza kwenye migomba.

Siku ya soko iliyofuata nilikuta waya mpya, na kioo cha kushoto kimefunguliwa. Nilikitazama. Kulia kulikuwa na kioo, na sasa kushoto pia kulikuwa na kioo, na ndani ya hicho gurudumu la nyuma lilionekana vizuri pamoja na pembe yangu. Nikahamia na kitenge changu katikati, ambako hakuna kioo cha kunionyesha, na ambako turubai linabonyea na maji yanajikusanya.

Katikati ya mteremko hakusimama. Nilihesabu kona kwa masikio, pedali ikikanyagwa mara moja tu kila kona, na maji yakanidondokea shingoni mpaka Tukuyu.