Jini Huita Mara Moja

Mzee Mshamu Bushiri wa Ruaruke hakuwahi kumwogopa kiboko. Ujana wake aliulala dunguni, kibanda cha juu ya miti cha kulindia mpunga, peke yake, viboko wakipita chini. Akiwatukana kwa Kindengereko, wanakwenda zao.

Mjukuu wake Muzdalifa, miaka tisa, darasa la tatu, aliogopa kila kilicho nje ya kitanda. Tangu aachishwe ziwa alilala na bibi yake, Bi Mwantumu. Bibi alipofariki, mwezi wa Rajabu, mtoto alibeba mto wake akahamia kwa babu bila kuuliza. Akalala upande aliokuwa akilala bibi zamani.

"Mume gani wewe, unakoroma kama mashine ya kukoboa," mtoto akamtania asubuhi.

"Na wewe mke gani, unapiga mateke kama punda. Talaka yako naandika leo."

"Hujui kuandika."

"Utaniandikia wewe."

Ndipo mama yake mtoto, Mwanawetu, alipopiga simu kutoka Kibiti.

"Baba, mtoto mkubwa vile atalala chumbani kwako mpaka lini? Nakuja Ijumaa. Nikikuta hawezi kulala peke yake, namchukua, akalale huku na wadogo zake."

Mzee akasema sawa. Muzdalifa akiondoka, nyumba ile ingebaki na yeye na kuku.

Akaenda kwa Mwalimu Elinipendo, mtu wa bara, jirani yake, anayefundisha darasa la tatu.

"Babu, usimtoe ghafla," mwalimu akamwambia. "Mpe chumba chake. Usiku wa kwanza weka kiti karibu na kitanda, ukae mpaka alale. Usiku wa pili kisogeze nyuma kidogo. Hivyo hivyo mpaka utoke mlangoni."

Jambo jepesi. Ila kiti cha nyumba ile kilikuwa kimoja, na kuku alikuwa anaatamia juu yake. Mzee akachukua mbuzi ya kukunia nazi.

Jumatatu akaikalia karibu na kitanda. Jumanne akaisogeza katikati ya chumba, akasinzia, yale meno ya chuma yakanasa msuli aliojifunga kiunoni. Alipoinuka, yeye akaenda, msuli ukabaki. Muzdalifa alifunika macho akacheka mpaka usingizi ukamchukua. Jumatano mzee alikuwa mlangoni. Alhamisi ukumbini, kaushika msuli kwa mikono miwili.

Ijumaa Mwanawetu akafika. Baada ya isha akatandika mkeka ukumbini, katikati ya vyumba viwili.

"Leo hakuna mbuzi wala ng'ombe," akasema. "Kila mtu chumbani kwake."

Mzee akalala upande wake. Upande wa pili ulikuwa umetandikwa vizuri, hauna mtu wala mateke. Akautazama. Akageukia ukutani.

"Babu!" Muzdalifa akaita.

Mzee akafumbua mdomo, akaufumba. Bi Mwantumu aliwafundisha wote katika nyumba ile: ukiitwa usiku usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Jini huita mara moja akaenda zake. Binadamu ndiye huita mara tatu. Mzee akangoja ya pili. Haikuja.

Kama lile ni jini, basi liko chumbani kwa mtoto.

"Muzda!" akaita.

Kimya. Mtoto naye alilelewa na bibi yule yule.

"Muzda!"

Kimya.

"Wewe mtoto!" Mwanawetu akafoka kutoka mkekani. "Husikii babu yako anakuita?"

"Bado moja!" Muzdalifa akajibu.

"Muzda!"

"Abee, Babu!"

"Umelala?"

"Nimelala."

"Mbona uliita mara moja ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uitike."

"Na mimi nilikuwa nangoja uite."

Mwanawetu akajiziba mdomo kwa kanga. Mkeka ukawa unatikisika.

"Ulitaka nini?" mzee akauliza.

"Nilitaka kukuuliza kama unaogopa."

Mzee akaupapasa upande ule mtupu.

"Kidogo," akasema.

"Kwani kuna nini huko?"

"Hakuna mtu huku."

"Basi lala, mume wangu. Ukiona jambo niite."

Haukupita muda, mzee akaita, "Muzda!" Akaita tena, "Muzda!" Ya tatu ilitoka ikiwa mkoromo.

Asubuhi Mwanawetu alimkuta baba yake amekaa kizingitini, mfuko wa mtoto uko miguuni, umefungwa kwa kamba.

"Huu wa nini?"

"Wa safari. Si tumeitana usiku kucha?"

"Mlioitana ni nyinyi, lakini mtoto hakutoka chumbani mpaka alfajiri. Kulala anajua." Akaukokota mfuko ndani. "Nikimchukua yeye, wewe atakulaza nani? Fungua."

Mzee akakata ile kamba kwa kisu, hakuwa na subira ya kufungua. Alikuwa amemfungashia mtoto sare ya shule na kambale wa kukausha wanne, pamoja.

Mwanawetu akapanda bodaboda peke yake. Sare ilifuliwa mara mbili, ikaanikwa siku nzima. Jumatatu Mwalimu Elinipendo alifungua madirisha yote ya darasa la tatu, na paka wawili wakaingia.