Kompyuta Ilivyowapanga Wake wa Babu

Ilianza Alhamisi, saa tano kasoro robo asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja kidogo cha Migori, juu ya duka la dawa za mifugo. Saa naijua kwa sababu imekaa kwenye kona ya kioo cha kompyuta, chini upande wa kulia, na mimi nikiona haya hutazama pale badala ya kutazama watu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kama wasichana wengi wanaongojea kuitwa chuo kikuu, nililetwa kwa shangazi Migori nisome pakeji za kompyuta. Darasani tulikuwa wawili kwa kila mashine. Mwenzangu, msichana wa Isebania asiyejua kunyamaza, alishika mausi tangu siku ya kwanza na hakuiachia. "Shika basi, haing'ati," alikuwa akiniambia wote wakisikia, kisha anaishika mwenyewe kabla sijanyoosha mkono.

Siku hiyo mashine ilikuwa yangu peke yangu. Babu, baba yake baba yangu, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake nyumbani Magunga. Baba mkubwa alikuwa ametuma karatasi iliyoandikwa kwa mkono: maisha ya marehemu, ratiba, na orodha ya familia. "Si huyo wetu anasoma kompyuta?" alimwambia shangazi kwa simu. "Tulipie saiba kutuchapia ya nini?" Nilipenda kuitwa huyo wetu.

Nilichapa kwa vidole viwili. Orodha ya familia niliiweka kwenye jedwali kama tulivyofundishwa wiki hiyo, jina upande huu na uhusiano upande ule. Ilikuwa ndefu, maana babu alikuwa na wake watatu. Mwalimu alipokuja kusimama nyuma yangu nilitaka aone kwamba huwa nasikiliza, hata kama siulizi swali. Nikabonyeza kile kitufe chenye A na Z na mshale unaoshuka. Majina yote yakaruka, yakatua yamejipanga kwa alfabeti.

"Safi kabisa," akasema mwalimu. "Umeona? Sasa angalia makosa, halafu tuchapishe."

Kuangalia makosa, kwangu mimi, kulikuwa kufuata mistari myekundu. Kompyuta ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya karibu kila jina letu, kana kwamba ukoo mzima ulikuwa umekosewa. Nikaenda jina moja moja nikiiambia ipuuze, ipuuze, ipuuze. Herufi zilikuwa sawa. Mpangilio sikuutazama tena, si ulikuwa umeshasifiwa.

Nilifika Magunga jua likiwa bado juu kidogo, na boksi la vijitabu vya mazishi mkononi. Hema lilikuwa limesimama, wanawake wanamenya viazi nyuma ya jikoni, jenereta inajaribiwa. Baba mkubwa, ambaye ni kifungua mimba wa mke wa kwanza, akachukua kijitabu cha juu, akaitazama picha ya baba yake muda mrefu, akatabasamu. Akafungua ndani.

"Nani alikuambia umpange mama yangu?"

Sikuelewa. Akaniwekea kidole kwenye orodha ya familia.

Kwetu mke wa kwanza anaitwa mikayi. Nyumba yake ndiyo inayotazama lango, na hakuna jambo la boma linaloanza bila yeye, iwe kupanda, kuvuna au kuzika. Anayemfuata ni nyachira, kisha wa tatu ni reru. Kwenye kijitabu changu, juu kabisa alikuwa reru, kwa sababu jina lake linaanza na A. Mikayi, anayetumia jina la ubatizo linaloanza na R, alikuwa amezama huko chini, baada ya watoto aliowazaa mwenyewe. Na reru ndiye dani yangu, bibi aliyemzaa baba yangu, ingawa wake wote watatu wa babu nawaita dani.

"Ni kompyuta," nikasema. "Inapanga kwa herufi."

"Eti kompyuta," baba mkubwa akawaambia waliokuwa wakimenya viazi. "Kompyuta inamjua dani yake."

"Kumbe mashine nayo imeolewa hapa!" mwanamke mmoja akasema.

"Tena imeolewa nyumba ya reru," mwingine akamjibu, na wakacheka kicheko kisicho na raha.

Tangu babu alazwe hospitalini kulikuwa na maneno ya chini chini kuhusu mashamba, nani atalima wapi. Sasa watu walidhani upande wetu umeanza kujiandikia. Baba yangu, ambaye angetutetea, alikuwa bado njiani kutoka Mombasa.

Dani yangu akaniita ndani kwake. Hakupaza sauti. "Nimeishi nyuma ya yule mama tangu nilipoolewa. Hata mvua ikinyesha na mbegu ziko mkononi, namngoja apande yeye kwanza. Kesho watu watasema mimi ndiye niliyekutuma."

"Nitarekebisha, dani."

"Utarekebisha na nini?"

Nilikuwa na flashi yenye faili. Saiba ya sokoni ilikuwa haijafungwa, nikakimbia. Mwalimu alitufundisha kwamba kosa lolote linarudishwa kwa Ctrl na Z. Nikafungua faili, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Hakuna jina lililosogea. Mwenye saiba akaniambia faili ikishafungwa haikumbuki ilikotoka. "Leta ile karatasi ya mkono tuandike upya," akasema. Karatasi nilikuwa nimeitupa kwenye pipa la chuo, nikidhani haina kazi tena. Kabla sijamjibu, stima ikapotea, kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Niliporudi nikakuta mikayi ameshasomewa kijitabu. Hakugombana na mtu. Alisema tu wamwite huyo wao wa kwanza, yeye atabaki ndani. Mikayi asipotoka, wazee hawainui jeneza, na wageni wote wangejua sababu.

"Utaenda umwambie mwenyewe," baba mkubwa akaniambia. "Mimi sikusemei."

Nilienda mpaka mlangoni kwake, nikasikia sauti za wanawake ndani, nikageuka. Ndivyo nilivyo. Hata shuleni nilikuwa nalijua jibu, nikangoja mwingine alitoe.

Ijumaa asubuhi, kabla chai haijatolewa, nilienda tena. Mikayi alikuwa peke yake, amekaa kitandani, ameshavaa. Kijitabu kilikuwa sakafuni.

"Dani, ni mimi niliyebonyeza," nikasema. "Sikutumwa na mtu. Kuna kitufe cha kupanga majina. Nilitaka mwalimu aone kwamba najua."

"Kinapanga kwa kufuata nini?"

"Herufi ya kwanza ya jina."

"Hakiulizi nani alikuja lini?"

"Hapana."

"Wala nani alimzaa nani?"

"Hapana, dani."

Akaitazama miguu yake. "Na mwalimu akasemaje?"

"Alisema safi kabisa."

"Basi huyo mwalimu hana mama." Akatoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko.

Akaniambia nikae. Akanitajia majina nyumba kwa nyumba, nami nikayarudia mpaka yakakaa kichwani. Yeye mwenyewe, nyachira, dani yangu, kisha watoto wa kila mmoja kama walivyozaliwa. Akataja wawili waliokufa wakiwa wachanga, ambao baba mkubwa hakuwaandika kabisa. Mmoja wao alikuwa wa dani yangu. Sikuwahi kulisikia jina hilo.

"Hizo karatasi za kompyuta waache nazo," akasema. "Lakini sitaki kusomwa na yule mtu wa spika. Utasoma wewe."

"Mimi siwezi kuongea mbele ya watu, dani."

"Kubonyeza uliweza."

Emsii, yule mtu wa spika, alipofika kwenye orodha ya familia, baba mkubwa alinipa maikrofoni kama mama yake alivyoagiza, bila kunitazama. Watu walikuwa wamefungua vijitabu, wanangoja kufuata kwa kidole. Dani yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mikayi alikuwa ametoka, amekaa mstari wa mbele, lakini kiti chake alikuwa amekigeuza kielekee mlango wa nyumba yake, kama mtu ambaye bado anaweza kuinuka arudi ndani.

Nikataja jina lake. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Nikaona kurasa zikigeuzwa huku na huku, watu wakitafuta niko wapi.

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Nikakiweka kijitabu changu chini, nikapaza sauti, nikaanza upya na jina la mikayi.