Kitambaa cha India cha Mabibi Arusi wa Swima

Jumatatu asubuhi nililetewa habari kwamba mama mmoja wa Swima, kijiji chetu kando ya ziwa, muuza dagaa, amefariki. Nilipofika msibani nikakuta ndugu zake wakibishana kama azikwe na kitambaa chake cha zamani au hapana. Wasomaji walionunua dagaa wake pengine hawakujua kwamba alikuwa nacho. Bibi yake alikipata kwa wachuuzi waliovuka ziwa kutoka Ujiji. Ni pamba ya India, nyekundu, na maua yake yalichorwa kwa mkono, ndiyo maana hakuna ua linalofanana kabisa na jingine. Mabibi arusi walikiazima siku ya arusi yao, wenyeji na wakimbizi wa Burundi pia.

Dada yangu naye alikiazima alipoolewa. Wakati wa kula, mawese yakamwagika juu ya ua kubwa la katikati, na shangazi za bwana arusi wakaanza kunong'ona kwamba huyu anaanza ndoa kwa kuharibu mali ya watu. Kesho yake nilimsindikiza kukirudisha kwa yule mama muuza dagaa. Mimi sina maneno mbele ya watu, basi alisema mwenyewe, akilia.

“Mama, niko na haya. Mawese ilimwangika, haitoke.”

“Ulikuwa unakula nini?”

“Bugali na samaki.”

“Ilikuwa tamu?”

“Tamu sana, Mama.”

“Sasa unalia nini? Ona hapa.” Akatuonyesha doa la kahawia pembeni. “Hii ni ya arusi yangu. Bwana yangu alimwanga chai. Na hii ni ya bibi arusi moja wa kijiji cha Nundu, alicheza mpaka akaanguka mu matope.”

Dada akacheka, machozi yangali mashavuni. Tangu siku ile hakuogopa tena shangazi za mume wake.

Namshukuru mama yule, na nawashukuru pia wale wachoraji wa mbali. Hatujui majina yao, lakini kazi yao imevumilia chai, matope na mawese, wakati vitenge tunavyonunua leo mjini Baraka hupauka upesi.

Binti wa marehemu ndiye aliyemaliza ubishi. “Siku ya posho kuko bibi arusi anakingojea. Mama alimuahidi.” Tukamzika mama na kitenge chake cha sokoni.

Jumamosi, hiyo siku ya posho, dada yangu ndiye aliyemfunga bibi arusi kile kitambaa. Msichana akauliza doa la katikati ni la nani. Dada akasema, “Ni yangu,” bila kuinamisha kichwa. Hapo nikaelewa: kitu kizuri tulichoachiwa tunakishukuru kwa kukitumia pamoja, hata kikipata madoa.