Wa Nne katika Sala ya Mama Pasi

Ukimpelekea Mama Pasi shati lililokunjamana kama uso wa mtoto anayekataa dawa, kesho yake ulilikuta limenyooka na, bila wewe kujua, limetakiwa heri. Kila nguo aliinong'onezea: "Uwe salama, uwe na amani." Ndivyo mama yake, Mbudha kama yeye, alivyomfundisha: anza na nafsi yako, nenda kwa umpendaye, kisha kwa usiyemjua, mwisho kwa anayekukera. Wasiojulikana hawakumpungukia; wateja walikuwa tele.

Asubuhi hiyo mumewe, fundi bomba, alikuwa akitolewa uvimbe tumboni, na hospitali iliahidi kupiga simu. Mama Pasi akashindwa kukaa bure. Alifungua duka, akatandika mezani shati la mumewe la kurudia nyumbani. Wifi yake, dada wa mgonjwa, alikalia kapu la nguo chafu, simu mkononi, ulimi haujapumzika tangu alfajiri.

"Si umwombe huyo Budha wako amponye kaka yangu?"

"Budha haombwi, wifi. Alikuwa mtu, akafa. Katuachia njia tu."

"Na maua unayomwekea pale rafuni?"

"Shukrani. Tena yakinyauka, nakumbuka na sisi tunanyauka."

"Makubwa! Leo ndiyo siku ya kunitajia kunyauka? Sasa unamnong'oneza nani?"

"Natakia watu mema. Naanza na mimi..."

"Ala! Kaka yuko chini ya kisu, mwenzetu anajitakia yeye kwanza!"

"Nisipojituliza mimi, nitamtuliza nani?"

Akaanza. Alipofika kwa mumewe, maneno yakamgeuka mdomoni. Badala ya "uwe salama" likatoka "naomba usife", na chozi likadondokea kola. Hivyo sivyo alivyofundishwa. Akarudia tangu mwanzo, taratibu.

Wifi aliitazama kola iliyolowa. Kisha akauliza, "Huyo wa nne, anayekukera, wako ni nani?"

Mama Pasi akanyunyizia maji mahali palipokwisha kulowa.

"Mungu wangu, wifi! Miaka yote hii, kumbe ni mimi!"

"Kila asubuhi."

"Mbona sijabadilika?"

"Inanibadilisha mimi. Vinginevyo ningeshakupiga pasi mzima mzima."

Wifi alicheka mpaka akafuta machozi kwa soksi ya mteja. Akasogea mezani. "Haya, nifundishe. Ila wa nne wangu unamjua."

"Namjua sana."

Walisema pamoja, kwa sauti ya chini. Walikuwa wamefika kwa wa nne, wanatazamana usoni, simu ilipolia. Wifi alisikiliza, akarudi kukaa kapuni.

"Ameamka. Muuguzi anasema anauliza kama tumeshauana."

Hapo ndipo harufu ilipowafikia. Pasi ilikuwa imelala mgongoni mwa shati, na ilipoinuliwa iliacha umbo lake lote, la kahawia. Mama Pasi alikuwa hajawahi kuunguza nguo ya mtu.

"Atalivaa hivyo hivyo," alisema, akilikunja kwa uangalifu.

"Atalivaa," wifi akaitikia, "na asijaribu kuuliza."