Labda ya Kaka Yangu

Mimi sina uvumilivu, kijiji chetu kizima cha Karuba kinalijua hilo. Ndiyo maana mama alipolala chali wiki baada ya wiki akitazama mabati, nilikaribia kupasuka.

Pikipiki ilikuwa imemwangusha kwenye utelezi wa barabara ya Mushaki, akavunjika nyonga. Hospitalini alipasuliwa na daktari mgeni asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza. Siku ya kutoka mama aliuliza jambo moja tu: je, atatembea tena, akamue ng'ombe wake mwenyewe? Daktari akajibu kwa upole, na katika jibu lake nilidaka neno moja, eventually. Kaka yangu, mwalimu wa Kifaransa, akatafsiri bila kusita: "Anasema labda utatembea."

Labda! Tangu hapo mama akakata tamaa. Magongo yake yakaegemezwa ukutani, kuku wakayafanya mahali pa kulala. Nikimwambia ainuke, ananijibu kwamba hata daktari mwenyewe hana hakika. Nikawa nazunguka ua, nagombana na kaka, nagombana na mbwa. Moyo ulikataa kutulia, kwa sababu yule daktari hakuwa na uso wa labda.

Asubuhi moja nikapanda kilimani, mahali simu inaposhika rezo, nikalitafuta lile neno kwenye simu. Kumbe! Kifaransa na Kiingereza vyote vililitoa kwenye Kilatini, katika neno lenye maana ya kutokea, kitu kilicho ndani kikaja nje. Halafu lugha hizo mbili zikaachana njia. Kwa Wafaransa, éventuellement ni jambo linaloweza kutokea ao lisitokee. Kwa Waingereza, eventually ni jambo ambalo litatokea tu, hata likichelewa. Kaka alisikia sauti aliyoizoea, akaridhika. Niliteremka mbio, viatu mkononi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Habari za Kilatini hazikumgusa hata kidogo.

"Njo kusema nitatembea?"

"Utatembea, mama. Itakawia, lakini utatembea."

"Na ile neno inasema siku gani?"

Nilitamani kumdanganya, Mungu anajua. Nikamwambia halisemi. Akatazama nje, ambako jirani alikuwa anamkamua ng'ombe wa mama na kumwaga maziwa pembeni ya ndoo.

"Basi fukuza ile kuku," akasema, "uniletee magongo."